Sombe, Mboga ya Kinu na Moto

Mboga za majani zinazoliwa katika nchi zetu za Maziwa Makuu ni nyingi, lakini iliyo maarufu sana ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Lenga-lenga, ambayo wengine huiita mchicha, huchumwa, huoshwa, hutiwa chunguni, na baada ya dakika chache huwa tayari. Matembele ni vivyo hivyo. Sombe haikubali kuharakishwa. Yataka kuchumwa kwa kuchagua, yataka kinu na mchi, yataka kuni nyingi na saa nyingi motoni. Kwa sababu hiyo vijana wengi huiona kuwa mboga ya taabu, na wengine huidharau kabisa, wakisema ni chakula cha maskini na cha watu wa shamba.

Nia ya makala haya ni kueleza mambo mawili. La kwanza, sombe ni mboga yenye lishe kubwa, tena kubwa kuliko ya majani mengi yanayouzwa sokoni kwa bei ya juu. La pili, taabu ya kinu si desturi tupu. Jani bichi la muhogo lina sumu, na kinu ndicho kinachoanza kuitoa sumu hiyo. Anayetaka faida ya sombe lakini hataki taabu yake hajafahamu mboga hii ni kitu gani. Tena yafaa jambo hili lisomwe na wanafunzi hasa, kwa kuwa wengi wetu tukiwa mbali na nyumbani hujipikia wenyewe, na mwenye haraka huwa ni yule asiyejua kwa nini mama yake hakuwa na haraka.

ASILI YAKE NA MAJINA YAKE

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, ambako watu waliulima kwa maelfu ya miaka kabla meli za Ulaya hazijafika huko. Wareno ndio walioleta muhogo katika pwani ya magharibi ya bara letu, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini, katika karne ya 16. Kutoka huko uliingia bara polepole, mikononi mwa wakulima na wachuuzi, kijiji kwa kijiji. Pwani ya mashariki uliupata baadaye, kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi, ukaanza kuenea hasa katika karne ya 18. Basi chakula tunachokiita cha mababu kilikuwa kigeni siku moja, na mababu zetu walijifunza namna ya kukitumia.

Majani yake yana majina mengi. Waswahili wa pwani na wa Tanzania husema kisamvu. Mashariki ya Kongo, tangu Uvira na Bukavu mpaka Goma, jina ni sombe. Warundi na Wanyarwanda husema isombe. Kinshasa, na popote Kilingala kinaposemwa, mboga hii ni pondu, na wengine huiita saka-saka, jina linalojulikana sana Brazzaville pia. Huko Msumbiji kuna matapa, yaani majani hayo yaliyopikwa kwa karanga na tui la nazi. Wangazija nao hupika mataba kwa tui la nazi. Katika kisiwa cha Madagaska chakula hiki huitwa ravitoto, na maana ya jina hilo ni majani yaliyotwangwa. Mara nyingi hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe. Watu wa Sierra Leone na Liberia huyala kwa wali. Hata Brazil, ulikotoka muhogo wenyewe, watu wa jimbo la Pará karibu na mto Amazon hupika maniçoba: huyasaga majani kisha huyachemsha kwa muda wa siku saba hivi kabla ya mlo kuwa tayari.

Lakini si kila mkulima wa muhogo hula majani yake. Nchi inayovuna mihogo mingi kuliko nchi zote duniani ni Nigeria, na huko watu wengi hawayatumii majani hayo jikoni. Katika nchi nyingine pia huachwa shambani yaoze, au hulishwa mifugo.

Sasa tazama mataifa hayo yanayoyala. Yako mbali mbali, lugha zao ni mbali mbali, na viungo vyao ni mbali mbali. Hata hivyo karibu wote huyaponda majani kwanza, na wote huyapika kwa muda mrefu. Hakuna walao majani hayo mabichi kama kachumbari. Lazima kuna sababu.

SUMU ILIYOMO NA KAZI YA KINU

Jani lolote limejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita seli. Ndani ya seli za muhogo, katika kifuko chake, mmea huweka kitu kiitwacho linamarini. Kitu hicho peke yake hakina ukali. Lakini katika kuta za seli zile zile mna kimeng'enya kiitwacho linamarase. Maadamu jani ni zima, viwili hivyo havikutani. Mnyama akilitafuna jani, kuta huvunjika, kimeng'enya huikuta linamarini na kuivunja, na mwisho wa kuvunjika kwake hutoka sianidi, sumu kali sana. Hiyo ndiyo silaha ya muhogo dhidi ya wadudu na wanyama walao majani.

Sumu iyo hiyo, bwana msomaji, ina udhaifu mmoja mkubwa. Sianidi inayotoka humo hugeuka kuwa mvuke katika joto la digrii 26 hivi tu, na hilo ni joto la kawaida la mchana kando ya ziwa Tanganyika. Maana yake ni kwamba sianidi ikiisha kutoka katika linamarini, haikai. Hupanda hewani na kwenda zake. Shida si kuifukuza sianidi. Shida ni kuitoa kwanza mafichoni mwake.

Hapa ndipo tunapoona akili ya mama zetu. Kinu hufanya kazi ya meno ya mnyama, lakini huifanya nje ya tumbo. Mchi unavyopiga, seli kwa maelfu hupasuka, kimeng'enya huikuta linamarini, na sumu huanza kutoka pale pale kinuni. Majani ya muhogo yana kimeng'enya hicho kwa wingi, zaidi ya mizizi yake, na kwa hiyo kutwanga kunayafaa sana. Kisha moto huja kumaliza kazi: mchanganyiko ukipata joto, sianidi iliyobaki hutoka pamoja na mvuke wa maji.

Sasa fikiri itakuwaje mtu akibadili mpango huo. Anachuma majani, anayatia mazima katika maji yanayochemka, na baada ya robo saa anayala kama mchicha. Maji ya moto yamekiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Lakini linamarini haiharibiki kwa kuchemka. Sehemu huyeyuka katika maji, na sehemu hubaki katika jani. Mlaji huingiza tumboni linamarini ambayo kinu kingeimaliza. Akizitupa zile maji za kwanza atapunguza sehemu ya hatari, lakini hatapata usalama wa yule aliyetwanga. Kwa hiyo mpango ni huu: kuponda kwanza, kupika baadaye. Aliyegeuza mpango huo amekiacha kinga chake.

Bibi zetu hawakusoma habari za linamarini. Walijua kwa kuonja, kwa kunusa, na kwa kuona waliougua. Maarifa yao yalikuwa sahihi karne nyingi kabla ya maabara kuyathibitisha, na haifai mwanafunzi aliyesoma kemia miaka miwili kuyacheka.

MADHARA YA KUPUUZA

Mtu asitishike bure. Sombe iliyotwangwa vizuri na kuiva sawasawa ina mabaki madogo sana ya sumu, na mwili wenye afya waweza kuyashughulikia. Mwili hugeuza sianidi kidogo kuwa kitu kingine kisicho na ukali kama huo, na kukitoa kwa njia ya mkojo. Lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, nayo huipata katika protini za chakula, hasa samaki, nyama, mayai na maziwa. Mtu anayekula muhogo usiotengenezwa vizuri kila siku, bila chakula kingine cha kumjenga, hukosa akiba hiyo.

Yaliyowapata watu kama hao yanajulikana. Mwaka 1938 daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa alioukuta katika nchi ya Kwango, kusini-magharibi ya Kongo. Miguu ya mgonjwa hukakamaa ghafula, na hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Wayaka wa huko waliuita konzo, na jina hilo lataka kusema miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo umeonekana pia Msumbiji, Tanzania na kwingineko, mara nyingi wakati wa ukame au vita, na hushika zaidi wanawake na watoto. Sababu yake ni mizizi ya mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, ikiliwa siku nyingi na watu wenye upungufu wa protini. Tuangalie neno hilo: ni mizizi, si sombe. Lakini somo ni moja. Mmea ni ule ule, sumu ni ile ile, na haraka ni ile ile ya mwanadamu mwenye njaa.

Karibu zaidi na kwetu, katika kisiwa cha Idjwi ziwani Kivu, madaktari walifanya uchunguzi juu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kuanzia miaka ya 1960. Waliona kwamba upungufu wa iodini ulikuwa sawa katika kisiwa chote, lakini rovu ilikuwa nyingi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Walipotafuta sababu, waliikuta katika ulaji wa muhogo. Kile kitu ambacho mwili hukitengeneza ili kuipunguza sianidi huizuia tezi isiipate iodini yake. Basi mlaji wa muhogo na wa sombe afanye mambo mawili: atengeneze chakula chake vizuri, na atumie chumvi iliyotiwa iodini.

FAIDA ZAKE MWILINI

Baada ya kusema ya kuogofya, tuseme ya kufurahisha.

Kwanza ni protini, chakula kinachojenga mwili. Gramu 100 za majani mabichi ya muhogo huwa na protini gramu 6 au 7 hivi. Kabichi ya uzito huo huo haifiki gramu 2. Mzizi wa muhogo wenyewe una gramu 1 hivi tu. Kwa hiyo mtu aliyepanda muhogo, akala mzizi na kulitupa jani, amekula sehemu ya nguvu na kutupa sehemu ya kujenga. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa muhogo mtupu aweza kushiba kila siku na bado akapata kwashakoo: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na uso huwa wa huzuni. Hakukosa chakula, alikosa chakula cha kujenga. Tangu mtoto apatapo miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, yafaa aanze kuonjeshwa vyakula vingine, na sombe laini iliyoiva sana, ikiwa imechanganywa na unga wa samaki wadogo, ni mojawapo.

Lakini protini ya sombe haijakamilika. Ina lisini kwa wingi, ila ina upungufu wa methionini, ambayo ndiyo yenye ile salfa tuliyoitaja. Hapa tena desturi za jikoni zimekwenda sawa na elimu. Watu wa ziwa Tanganyika hupika sombe pamoja na ndagala, na samaki hao huleta kile ambacho jani halina. Wali na ugali wa mahindi nao husaidia, kwa kuwa nafaka zina upungufu wa lisini lakini methionini yake ni afadhali. Sombe kwa wali, kama walavyo wengi siku ya arusi, si anasa tu, bali ni mlo uliokamilishana.

Pili ni vitamini. Ule ukijani mwingi huficha karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hiyo hulinda macho, na anayeikosa sana huanza kwa kutoona vizuri jioni giza linapoingia. Karotini haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Basi mafuta ya mawese yanayotiwa katika sombe hayako kwa ajili ya ladha peke yake: huichukua karotini ya jani, na yenyewe pia, yakiwa mekundu, yana karotini nyingi. Mna pia vitamini za kundi B. Vitamini C ni nyingi mno katika jani bichi, lakini kutwanga na kupika sana huipoteza kwa sehemu kubwa. Dawa yake ni rahisi: baada ya mlo, kula chungwa, pera au papai.

Tatu ni madini. Mna kalisi kwa ajili ya mifupa, na mna chuma kwa ajili ya damu. Watu husema, "Kula sombe upate damu." Kauli hiyo ina ukweli, lakini si wote. Chuma cha majani huingia mwilini kwa shida kuliko kile cha nyama au samaki. Samaki kidogo chunguni na tunda baada ya mlo hukisaidia kuingia. Lakini mwanamke mwenye mimba aliyeambiwa na mganga kwamba damu yake imepungua asitegemee sombe peke yake akaacha kwenda hospitali. Vivyo hivyo tusiwasikilize wasemao kwamba majani hayo huponya malaria au kisukari. Sombe ni chakula kizuri, wala haihitaji kusingiziwa udaktari ili iheshimiwe.

NAMNA YA KUIPIKA

Mapishi hutofautiana nyumba kwa nyumba, na kila mtu huona ya mama yake ndiyo bora. Haya ni ya kawaida, kwa watu sita hivi.

Chuma kilo 1 ya majani machanga ya karibu na ncha, yaliyofunguka lakini hayajakomaa. Yaliyozeeka huwa magumu na yenye nyuzi. Ondoa vikonyo vyote, kisha osha majani kwa maji safi. Kama ni makavu na hayapondeki kwa urahisi, yafikiche kwa mikono, au yachovye kidogo katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono waweza kuyavumilia. Usiyachemshe kabla ya kuyatwanga.

Twanga kidogo kidogo, si yote kwa mara moja, mpaka yawe laini na pasiwepo kipande cha jani kinachotambulikana. Wengi hutwanga pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na liki. Baada ya kutwanga, yatandaze katika ungo au sinia pana mahali penye hewa, uyaache kwa saa moja au mbili, ili sumu iendelee kutoka. Kama majani ni ya mihogo michungu, au kama huijui aina yake, yaoshe kwa maji baada ya hapo, uyakamue, na uyamwage maji hayo mbali, mahali ambapo mbuzi na kuku hawatayanywa.

Tia sombe katika chungu pamoja na maji ya kuifunika, uweke motoni. Katika saa ya kwanza chungu kikae wazi, na jiko liwe na hewa ya kutosha. Ukifunika, mvuke unaotaka kutoka utarudi chini. Baada ya saa moja, au moja na nusu, majani yakiwa yamebadilika kutoka kijani kibichi kuwa kijani cha giza, tia bilinganya zilizokatwa, pilipili kama waipenda, na ndagala wakavu kikombe kimoja, waliooshwa mchanga. Mwisho tia mafuta ya mawese nusu kikombe, na karanga zilizosagwa ukiwa nazo, upunguze moto, na uache vichanganyike kwa nusu saa. Chumvi huja mwisho. Sombe huliwa kwa ugali, kwa wali, kwa ndizi au kwa maharagwe, na iliyolala hupendwa na wengi kuliko ya siku ile ile, mradi ichemshwe tena vizuri.

Wapishi wengine hutia magadi ili iive upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini, hasa zile za kundi B na C. Tena kulainika si kusalimika. Jani laweza kuwa laini mdomoni na bado halikutwangwa vya kutosha.

Siku hizi masokoni mijini kuna mashine za kusaga majani, na si lazima tena kila nyumba iwe na kinu. Mashine hizo ni msaada mkubwa kwa mama zetu, maana huvunja seli kama mchi ufanyavyo, pengine zaidi. Angalia tu kwamba mashine ni safi, na kwamba majani yamesagwa yakawa laini kabisa. Na ninyi ndugu zetu wanafunzi wa zamani mlio Ulaya, ambao huinunua pondu iliyogandishwa katika maduka ya Matonge huko Brussels, msidhani kwamba barafu imepika. Iliyosagwa imekwenda nusu ya safari tu. Saa ya motoni bado ni yenu.

SHAMBANI

Mkulima naye ana swali lake: je, nikichuma majani, mihogo haitapungua? Naam, itapungua akichuma ovyo. Jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo chakula cha mzizi kinapotengenezwa. Mmea unaonyolewa kila wiki hutumia nguvu zake kuotesha majani mapya, na mizizi hubaki myembamba. Lakini akichuma ncha chache kwa kila shina, akauacha mmea upumzike kama miezi miwili kabla ya kurudi, hasara huwa ndogo. Wenye nafasi hufanya vizuri zaidi: hutenga mistari michache kando ya nyumba kwa ajili ya mboga tu, na shamba la mizizi huliacha likue kwa amani.

Adui mkubwa wa majani ni ugonjwa wa batobato, ambao hulikunja jani na kulitia mabaka ya manjano. Uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika milima ya Usambara, nchi ambayo leo ni Tanzania. Huenezwa na inzi weupe wadogo na, zaidi ya hao, na sisi wenyewe tunapokata vipando kutoka katika mashina yaliyougua. Ugonjwa huo hauingii katika mwili wa mtu, na anayekula jani lenye mabaka hadhuriki kwa mabaka hayo. Lakini huharibu mavuno vibaya sana. Basi mtu akienda kwa jirani kuomba vipando, atazame majani kwanza, na achague shina lenye majani mapana yasiyo na kasoro.

NENO LA MWISHO

Yako mambo mengi ya nyumbani ambayo shule hutufundisha kuyaacha, na mengine twafanya vema kuyaacha. Lakini kabla ya kuacha jambo, yatupasa kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani. Kinu kilikuwa kikifanya kazi. Saa ndefu ya motoni ilikuwa ikifanya kazi. Ndagala, mawese na tunda la baada ya mlo, kila kimoja kilikuwa na sehemu yake. Mwenye mashine aache kinu, wala hakuna lawama. Lakini asiache kuponda. Mwenye jiko la umeme aache kuni. Lakini asiache kuivisha.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi huutumia usemi huo kila siku bila kuufikiri. Kwa mboga nyingine ni mawaidha tu. Kwa sombe ni kanuni ya afya. Basi likizo ijayo kila mmoja wetu aingie jikoni, ashike mchi, ajifunze kwa mama au kwa bibi yake tangu kuchuma mpaka kupakua, na awaeleze kwa heshima kile ambacho vitabu vyasema juu ya kazi yao. Watafurahi kusikia kwamba walikuwa sahihi.